Nimelipia msitu aliokuwa anakata majani Bibi

Naanza na kicheko cha Bibi maana ndo kimenifanya nikae niandike. Jumamosi jioni niko jikoni kwake Marangu, raba zimejaa tope mpaka kwenye kamba, namwambia leo nimeingia msituni, nimefika mpaka Mandara (ile kambi ya kwanza ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu). Akaniuliza, "Ulienda kukata majani?" Nikamwambia hapana Bibi, kutembea tu, tumelipia. Akatulia kidogo kisu mkononi, ndizi nusu imemenywa, alafu akaanza kucheka, kile kicheko cha kushika ukuta. "Mjukuu wangu, umetoa hela uingie msituni, ukatoka mikono mitupu?"

Sikuwa na jibu na mpaka saivi sina.

Mimi nimekulia Moshi mjini, mlima uko dirishani. Sisi watu wa Moshi tuna ugonjwa mmoja, ukiamka unachungulia kama mlima umefunguka, ukikuta Kibo, kile kilele chenye theluji, iko nyeupe unapiga picha unaweka status, mawingu yakifunga unaendelea na mambo yako. Ule mkanda wa kijani karibu mweusi, katikati ya migomba na theluji, hakuna anayeuangalia. Kwangu ulikuwa kama fremu ya picha tu. Mara moja ndo niliukazia macho, Oktoba 2020, ule moto ulioanzia kati ya Mandara na Horombo, kambi inayofuata juu, tulipanda ghorofani kwa jirani usiku tukawa tunauona mstari mwekundu kule juu, watu wanarekodi video, na mimi nawaza huko hasa kinaungua nini, nikagundua sijui. Nimeishi chini ya huu mlima miaka yote na sijui katikati yake kuna nini.

Ila si unajua mambo ya kusema nitaenda. Imepita miaka.

Mwaka huu mwezi wa kwanza nikafungua grupu la WhatsApp, nikaweka picha ya mbega na sauti ya hamasa. Watu tisa wakasema wanakuja. Wiki moja kabla wakabaki sita, ilipofika habari ya kutuma hela nipate kontroli namba ya kulipia kiingilio tukabaki wanne, na Ijumaa usiku mmoja akaandika "aisee nina msiba" na Jumapili nikamwona kwenye picha za harusi. Tukawa watatu, mimi, binamu yangu na rafiki yake anayefundisha shule ya msingi. Kiukweli ilikuwa bora, kwenye Noah ya kutoka stendi kwenda Marangu Mtoni tulikaa bila kugombana.

Gharama zenyewe hazikuwa za kutisha. Mtanzania analipa kwa shilingi, ni kidogo sana ukilinganisha na dola anazotoa mgeni, kilichokula hela ni kumlipa gaidi. (Ndiyo, Moshi tunamwita gaidi, anayewaongoza wageni mlimani, na mama mmoja mtu wa pwani niliyekuwa nampigia hii stori kwenye simu alishtuka kweli, "mmeenda msituni na gaidi?") Kosa langu lilikuwa kwenye mavazi. Mwezi wa pili, Moshi jua linachoma mpaka lami inalainika, nikaona kubeba koti la mvua ni ushamba. Nikabeba chapati sita, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai, na raba za mazoezi.

Pale getini tulikuta wagumu, ndo tunavyowaita wapagazi wa mlimani, wamepanga foleni mizigo inapimwa, wazungu wanajipaka losheni, sisi watatu na kapu letu la chapati tukawa tunaonekana kama tumekuja kwenye kipaimara. Tukaanza kama saa mbili na nusu asubuhi.

Sasa hapa nitachukua muda.

Unapita geti, hatua labda mia mbili, jua linazimika. Sio kivuli cha mti, yaani ni kama umeingia ndani ya nyumba na mtu amefunga mlango nyuma yako. Joto la Moshi likabaki nje. Harufu ni ya udongo uliolowa na majani yanayooza polepole, karibu kama stoo ya ndizi mbivu ila ya baridi. Na kelele zimebadilika, maji kila upande, vijito huvioni lakini unavisikia, kushoto, kulia, chini ya daraja la mbao, mpaka binamu akasema hivi huku kuna bomba limepasuka? Miti mikubwa imevaa, sijui nisemeje, shina halionekani, limefunikwa na kuvu na mimea mingine midogo iliyoota juu yake, na juu ya hiyo midogo imeota mingine. Kuna manyoya ya kijivu yananing'inia kwenye matawi kama mvi za babu. Gaidi akachukua tawi lililodondoka akaniambia kamua. Nikakamua. Maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko, na hapo mvua ilikuwa haijanyesha.

Akasema huo ni ukungu. Mawingu yale tunayoyalaani Moshi yakiziba Kibo, ndo yanapita humu, kila jani na kila unyoya unachota kidogo kidogo unadondosha chini. Kumbe kule juu kwenye theluji ni kukavu karibu kama jangwa, mvua kubwa ya mlima inamwagika huku kwenye msitu. Mwalimu wetu akatoa daftari, nadhani wanafunzi wake Jumatatu walikoma.

Mbega tuliwakuta kabla ya Kisambioni, pale pa kupumzikia, watano au sita, weusi na shela jeupe mgongoni na mkia kama ufagio wa harusini. Hawakutukimbia. Mmoja alitukalia juu kabisa anatafuna majani, anatuangalia kama mama mwenye nyumba anavyomwangalia mpangaji wa tarehe tano. Hondohondo tuliwasikia tu, mabawa yao yanavuma kama mtu anapepea moto. Alafu kuna kaua, aisee hako kaua, kekundu na njano, kana mkonga umejikunja kama wa tembo mtoto, kanaota pembeni ya njia kwenye unyevu. Gaidi akasema jina lake la kisayansi ni Impatiens kilimanjari na hakapatikani sehemu nyingine yoyote duniani, ni hapa tu. Niliinama nikakaangalia muda mrefu mpaka wakaniacha. Ujue Moshi tuna sifa sana za mlima, mrefu Afrika nzima, mita 5,895, tunaziimba toka chekechea, na hakuna aliyewahi kuniambia habari za hako kaua.

Mvua ilitukamata tukiwa tumebakiza kama saa moja. Haikuanza kwa matone, ilishuka tu. Simu nikaiweka kwenye mfuko wa mkate, mimi mwenyewe nikabaki na fulana. Raba zikawa zinateleza kama sabuni, nilikaa chini mara tatu, mara ya tatu sikuinuka haraka, nikabaki nimekaa kwenye tope nacheka peke yangu. Mgumu mmoja akanipita ana gunia kichwani na begi mgongoni, gambuti mguuni, hata hapumui kwa shida, akasema "pole bro, ndo ukubwa." Kilometa nane hizo, watu wanatembea kwa masaa matatu, sisi tulitumia manne na nusu. Mandara iko mita 2,720 na baridi yake ni ya kweli, nilikunywa chai huku meno yanagongana. Maundi, ile kreta ya pale karibu ambayo wanasema unaona mpaka Taveta, tulipanda tukaona ukungu. Basi.

Kushuka sina cha kusimulia, magoti yanajua.

Ndo tukafika kwa Bibi. Alivyomaliza kucheka akatuwekea mtori, alafu akaanza kuongea mwenyewe bila kuulizwa. Enzi zake walikuwa wanaingia kwenye nusu maili, ule ukanda mkoloni aliutenga mwaka 1941 wananchi wapate kuni na majani bila kugusa msitu wenyewe. Kwake yeye hifadhi ilikuwa kule juu kwa wazungu, na kumbe hakuwa amekosea, maana hifadhi ilivyoanzishwa 1973 ilikuwa ya juu kabisa, msitu wote ulikuja kuunganishwa 2005. Alikuwa anatoka kabla hakujakucha, anarudi na mzigo wa majani ya ng'ombe unaomficha kichwa, na mvua ni ile ile iliyonikuta mimi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa pekupeku na mimba. Nikamwuliza ulikuwa unawaona mbega? Akasema, "Wao ndo walikuwa wananiona. Mimi nilikuwa naangalia chini nisianguke."

Hiyo sentensi nimelala nayo.

Usiku huo miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi nikawa nasoma kwenye simu. Kuna mtafiti Mjerumani, Andreas Hemp, amesoma mimea ya mlima huu miaka mingi, 2005 aliandika kwamba moto unaokula msitu wa juu unatupotezea maji zaidi kuliko kuyeyuka kwa ile barafu inayoliliwa na dunia nzima. Na 2016 ikatangazwa kwamba mti mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika uko hapa hapa Kilimanjaro, mkukusu wa mita 81.5. Nikamsomea Bibi. Habari ya mti akasema "Mrefu sana huo." Habari ya maji ikamfanya anyanyue kichwa.

"Kwani huko juu maji ulionaje, yapo?"

Nikamwambia yapo Bibi, yapo mengi, kila mahali.

"Basi mbona mfongo wetu siku hizi unakuja siku mbili kwa wiki?" (Mfongo ndo ule mfereji unaoleta maji mashambani toka mlimani.)

Binamu akasema watu wameongezeka, mwalimu akasema mambo ya tabia nchi, wakaanza kubishana, Bibi akawaacha akachukua tochi akatoka nje kuangalia kama zamu ya maji imefika kwenye migomba. Nikamfuata pekupeku maana raba zilikuwa zinachuruzika ukutani, na mpaka leo Jumatano hazijakauka.