Kumbukumbu ya roshani: grisi imewashinda sisimizi, buibui wamerudi kwenye pilipili

Pilipili zimepona, na sikupuliza dawa yoyote. Kazi imefanywa na grisi ya magari pamoja na maji ya sukari. Naandika mapema maana wengi tunaotunza buibui kwenye vyungu hapa Dar tunasumbuliwa na jambo hili hili: vidung'ata (wadudu wadogo wenye nta nyeupe wanaofyonza mimea) wenye walinzi, yaani sisimizi.

Tusimtwike buibui mzigo usio wake. Yule mrukaji wa ukutani, Plexippus paykulli (dume ni jeusi, lina mstari mweupe katikati ya mgongo), huvamia kinachotembea: mbu, nzi, inzi weupe. Kidung'ata aliyetulia chini ya nta yake hamvutii. Wanaommaliza ni vibibi (mbawakawa wadogo wa mviringo) na mabuu yao, na hao ndio sisimizi wanaowatimua, kwa sababu wanakunywa maji matamu yanayotoka kwa vidung'ata. Ulinzi huo huo unamfukuza buibui kwenye shina. Ukiona utando umejaa kwenye grili na ukutani lakini majani hayana hata uzi, tafuta msafara wa sisimizi kwanza.

Kusimamisha miguu ya stendi ya vyungu kwenye makopo ya maji ili kuwazuia sisimizi ni ushauri mbaya kwa mji huu. Vumbi linaelea, linatengeneza daraja, na ndani ya siku 7 hadi 10 za joto mbu wa dengi wametoka humo. Visahani vyangu vyote nimevijaza mchanga. Mafuta ya mgando nayo hayafai: jua la kaskazi likiyapiga yanayeyuka na kuchuruzika hadi sakafuni. Kinachokaa ni grisi nzito ya beringi, inapatikana maduka ya spea Gerezani. Zungusha selotepu pana kwenye kila mguu wa stendi, sehemu isiyopigwa na jua, kisha paka mkanda wa sentimita 3, unene wa milimita 2 au 3. Usipake kwenye shina lenyewe, gome linaharibika. Buibui hazuiliwi na mkanda huu: anaruka kutoka ukutani, na watoto wake wanasafirishwa na upepo kwa uzi. Kibibi anapaa.

Baada ya hapo kata madaraja yote. Kamba ya kuanikia, jani moja linalogusa grili, tawi la chungu cha jirani. Moja tu likibaki, kazi yote ni bure. Acha nafasi ya sentimita 5 kila upande.

Sasa hapa ndipo penye ugumu. Mikanda ipo, madaraja hakuna, na sisimizi bado wanapanda pilipili kama kawaida. Inakera sana! Sababu ni kwamba kichuguu kiko ndani ya chungu, na mkanda unawafungia huko huko juu pamoja na mali yao. Dalili yake ni chembechembe za udongo mkavu zilizotapikwa kwenye tundu la chini. Dawa ni kuzamisha: weka chungu kwenye ndoo, jaza maji mpaka yafike usawa wa udongo, acha nusu saa. Egemeza kijiti kutoka kwenye chungu kwenda kwenye kopo la udongo mkavu lililo nje ya ndoo. Watahama wenyewe, mayai mdomoni, na kopo unalipeleka mbali. Ukizamisha bila kijiti wanajikusanya juu ya shina, na maji yakikauka wanarudi chini.

Waliobaki ukutani wanapewa chambo: asidi ya boriki gramu 2, sukari gramu 20, maji ya moto mililita 200. Pima kwa mizani, usikadirie. Ukizidisha, sisimizi anafia njiani kabla ya kuwalisha wenzake na malkia. Weka pamba iliyolowa ndani ya kifuniko cha chupa, kando ya njia yao, mbali na watoto na paka.

Sisimizi wakishakatika, usikimbilie kusafisha kila cheupe. Buu wa kibibi mdogo wa jamii ya Scymnus naye amevaa nta nyeupe, na watu wanamfuta wakidhani ni kidung'ata. Mtazame kwa lenzi: nta yake imesimama kwa vishungi, na ukimgusa kwa brashi anatembea haraka. Kidung'ata hujivuta polepole, au hasogei kabisa. Ndiyo maana sipendi maji ya sabuni yaliyopulizwa ovyo, yanaua wote. Natumia brashi ya rangi namba 2 na spiriti, natia kwenye fundo moja moja la vidung'ata. Kuhusu lenzi, ya mkononi inayokuza mara 10 inaishinda ile ya kubana kwenye simu, maana upepo wa baharini unatikisa majani na simu haiwahi kulenga.

Mpango ulikuwa kufunga vipande vya mianzi viwe maficho ya buibui. Nimeuacha, kwa sababu kwenye mrehani ametokea Myrmarachne, buibui anayejifanya sisimizi! Kiuno chembamba, miguu ya mbele ameinua juu na kuitikisatikisa iwe kama vipapasio vya sisimizi. Anayemuumbua ni uzi: mpulizie kidogo, ataruka na kuning'inia. Sisimizi halisi huanguka tu. Sasa nakagua upya kila aliyedhaniwa sisimizi kabla ya kuweka chambo kingine, na namtafutia kiota chake cha hariri kwenye majani yaliyojikunja.

Mianzi imebaki kona. Grisi itabadilishwa kabla ya masika, maana mvua ya upepo hurusha udongo hadi kwenye miguu ya stendi, na udongo ukigandia juu ya mkanda sisimizi wanavuka.