Nilivyoacha kuuza mboga mjini nikarudi kuzilima kijijini

Kwa miaka mingi niliuza mboga Soko la Majengo, Dodoma mjini. Nyingi zilikuja na magari kutoka Morogoro na Iringa, na kiangazi kikishika bei ilipanda. Wateja walilalamika, lakini walinunua. Nikienda kwa mama, wilayani Chamwino, sikukuta hata wa kulalamika, maana mboga mbichi haikuwepo kabisa. Ni ugali wa uwele na mlenda uliokaushwa tangu masika, mpaka mvua za Desemba. Mlenda naupenda, nimelelewa nao. Ila mtoto mdogo kula hivyohivyo nusu mwaka kuliniuma, na ndiyo sababu nikarudi.

Kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hukatika katikati kwa wiki kadhaa. Kwa nafaka nilifuata mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa na mkulima wa kijiji cha Chololo, hukuhuku Dodoma. Shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha 30. Unatia samadi, majivu na mabaki ya mazao, kisha unapanda mtama au uwele. Maji yanatuama shimoni badala ya kukimbilia korongoni. Kuchimba ni kazi ngumu, sitamdanganya mtu, lakini mwaka wa pili unasafisha tu mashimo yaleyale.

Bustani ndiyo iliyoleta vijana. Wengi walikuwa wamemaliza shule na kutwa wanashinda kijiweni. Niliwakaribisha, mmoja akanijibu kwa heshima, "Shikamoo mama, lakini kilimo tumekiona kwa wazazi wetu." Alikuwa na haki. Walichokiona ni jembe, jua na gunia moja la mahindi. Nikaamua nisiwafundishe kwa maneno. Kila aliyekuja nilimpa kitanda chake mwenyewe cha kupandia mboga: alime, apeleke mboga nyumbani kwao kwanza, zinazobaki auze na hela iwe yake.

Vitanda vyetu ni vya kuzama. Tuta la kuinua linafaa kwenye mvua nyingi. Huku linakauka upesi. Sisi tunachimba kwenda chini, tunachanganya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, tunazungushia kingo, kisha tunatandaza nyasi kavu juu. Maji tunachota kwenye kisima tulichochimba kwenye mchanga wa korongo, tunamwagilia jioni. Uzio ni wa miiba, maana mbuzi wa kwetu hawana msamaha. Vidukari wakija tunanyunyiza maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Mchicha unavunwa ndani ya wiki nne hivi, na hapo ndipo kijana anapobadilika: ameshika hela ya jasho lake kabla hajakata tamaa. Kunde tunazipanda kwa ajili ya majani na punje. Mgagani na mnavu tunavipa vitanda vyake, tusisubiri viote vyenyewe.

Somo ninalolisisitiza kuliko yote ni kukausha nafaka. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, na mimi sitaki kijana yeyote apite kwangu bila kujua kuipunguza hatari hiyo. Tunaanika juu ya turubai, si chini. Kisha tunapima: chumvi kavu kidogo na mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, unafunga na kutikisa kwa dakika chache, unaacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Isipoganda, yanaingia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, bila dawa ya wadudu. Vijana wamekipeleka kipimo hiki nyumbani kwao, na kina mama wamekishika haraka kuliko nilivyotegemea.

Siku hizi kina mama huja bustanini na vikapu hata Septemba. Bei tumeiweka chini ya ile ya mjini, na wenye watoto wadogo wanahudumiwa kwanza. Kuna walanguzi wanaotaka kununua bustani nzima wapeleke mjini. Tulikaa na vijana tukakubaliana kwamba gari lipakie kile tu ambacho kijiji hakikununua. Sasa wanataka kujaribu vitunguu, nami nimewaambia kwanza tukichimbe kisima kiende chini zaidi, kwa sababu kufikia Oktoba maji yanapungua na mchicha wa watoto hautakosa maji kwa ajili ya vitunguu vya kuuza.