Siku moja na kompyuta inayolala isiamke

Saa 2 asubuhi

Nilikuwa nimeshafungua ofisi hapa Kariakoo, kijana wangu anafuta meza, bajaji ikasimama mlangoni. Akashuka mama mmoja mwenye steshenari Buguruni, amebeba CPU iliyofungwa kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Hii mashine ikilala haiamki. Nimechoka nayo."

Akaeleza. Anachapa barua ya mteja, anainuka kumtolea mtu fotokopi, huku nyuma kompyuta inalala yenyewe. Akirudi akigusa kibodi, feni zinazunguka, taa ya mbele inawaka, lakini kioo ni cheusi. Inabidi ashikilie kitufe cha pawa mpaka izime, awashe upya. Kazi ambayo haijaseviwa imekwenda. Wiki hii ilipotea CV ya kijana aliyekuwa anawahi usaili, na yule kijana akaondoka kwa hasira kwenda duka la jirani.

Nikamuuliza kama imeshapita kwa fundi mwingine. Imepita. Amepiga Windows upya, ikakaa vizuri siku ile, kesho yake yale yale.

Jambo hili huniuma sana. Mashine isiyoamka inapigwa Windows kabla mtu hajauliza swali hata moja. Mteja analipa, anapoteza fonti zake, anaanza kutafuta draiva ya printa upya, na ugonjwa uko palepale. Windows inaweza kuwa na kosa, ndiyo. Lakini kuna njia ya kujua, na haihitaji kufuta chochote.

Saa 2 na nusu

Kabla mama hajaondoka nilimuuliza swali ambalo kwangu huwa la kwanza: ikikataa kuamka, ukibonyeza Caps Lock, kile kitaa cha kibodi kinabadilika?

Hali tatu tofauti kabisa humwonyesha mtumiaji kioo kilekile cheusi. Ya kwanza, mashine haijasikia kabisa kwamba inaamshwa: kimya, feni hazizunguki. Hapo natazama kama kibodi imeruhusiwa kuiamsha, na kama kwenye BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows, umeme wa USB haujakatwa wakati wa usingizi. Ya pili, mashine imeamka vizuri ila picha haifiki kwenye kioo. Caps Lock inawaka na kuzima kama kawaida, na hapo natazama draiva ya kadi ya picha, waya, au monita yenyewe. Ya tatu ndiyo mbaya: imeanza kuamka, ikakwama njiani. Feni zinazunguka, Caps Lock imeganda.

Mama alisema kitaa hakibadiliki hata abonyeze vipi. Ya tatu, basi. Nikampa risiti, nikamwambia asubiri simu yangu.

Saa 3

Niliiwasha, nikafungua daftari la matukio la Windows, upande wa System. Huko mashine inajieleza yenyewe. Tukio namba 42 la Kernel-Power, sehemu ya Windows inayosimamia umeme, maana yake imeingia usingizini. Ikiamka salama lazima ushahidi ufuate, kama namba 107, au namba 1 ya Power-Troubleshooter inayotaja hata kilichoiamsha. Kwenye mashine hii kulikuwa na 42, kisha kimya, kisha 41: kuzimika bila kufuata utaratibu, yaani mama akishikilia kitufe. Mtiririko huohuo ulirudia kila siku ya shida.

Nikaandika `powercfg /a` kwenye dirisha la amri. Ikajibu kwamba usingizi wa S3 upo, na kwamba haibaneti imezimwa. Kijana wangu akauliza S3 ni kitu gani, nikaona ni vyema kumweleza vizuri, kwa sababu bila kulielewa hili utakuwa unabahatisha maisha yako yote.

Ngazi hizi za usingizi zilipangwa kwenye viwango vya ACPI, kanuni za jinsi kompyuta inavyosimamia umeme wake, vilivyotolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. S0 mashine iko macho. S3 ni usingizi: prosesa imezimwa, feni zimesimama, diski imesimama, ila RAM, kumbukumbu ya muda, bado inapewa umeme ili isisahau ulichokuwa unafanya. S4 ndiyo haibaneti, kila kilichomo kwenye RAM kinaandikwa kwenye diski na umeme wa RAM unakatwa. S5 ni kuzima.

Umeme wa RAM wakati wa S3 unatoka kwenye waya mmoja, wa zambarau, pini ya 9 kwenye plagi kubwa ya pini 24 inayotoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha umeme ndani ya CPU, kwenda kwenye bodi kuu ya kompyuta. Ni laini ya volti 5 ya kusubiri. Mashine ikishachomekwa ukutani na swichi ya nyuma ikawa imewashwa, laini hii inafanya kazi hata kama kompyuta imezimwa. Ni kama mlinzi wa usiku: wengine wote wakienda nyumbani yeye yuko getini. Ndiye anayelisha RAM, ndiye anayesikiliza kibodi. Ukigusa kitufe, bodi inaushusha waya wa kijani hadi sifuri, pawa saplai inaamka kamili, inatoa ishara kwenye waya wa kijivu kwamba umeme umetulia, na prosesa inaanza. BIOS inaona kwamba tulikuwa usingizini, hivyo haianzi mwanzo, inairudisha Windows palepale ilipoachia. Kama RAM imeharibika hata kidogo katika muda huo, inarudi kwenye takataka, na inaganda.

Nikailaza mashine. Nikaiamsha papo hapo, ikaamka. Nikailaza tena, nikaiacha.

Saa 4

Simu kutoka ofisi moja ya mjini: kompyuta ya mhasibu haiamki. Caps Lock? Inabadilika. Nikamwambia abonyeze kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Ukasikika mlio mfupi, picha ikarudi. Mkato huo unaianzisha upya draiva ya picha bila kufunga kazi. Nikamwomba aihifadhi kazi yake, na jioni kijana atapita kuweka draiva mpya. Kazi ya dakika tatu, na nyaraka zake zote ziko salama.

Saa 4 na dakika 45

Nilirudi kwa CPU ya mama. Nikabonyeza spesibaa, ikaamka vizuri kabisa.

Mafundi wengi hapa husema "mbona nzima", wanarudisha mashine, na mteja anaonekana mwongo. Mteja si mwongo. Kuna kitu cha dukani kwake ambacho hakipo mezani kwangu. Nikampigia.

"Mama, kwenye CPU huwa unachomeka vitu gani?"

"Kibodi, mausi, printa. Na simu yangu, huwa naichaji hapohapo."

"Hata kompyuta ikilala?"

"Ndiyo, inaendelea kuchaji."

Nikajua pa kwenda. Simu inayochaji kwenye USB ya kompyuta iliyolala inakula umeme wa waya uleule wa zambarau.

Saa 5 na nusu

Nilichukua simu yangu iliyokuwa na chaji kidogo, nikaichomeka kwenye tundu la nyuma. Nikailaza mashine, nikakaa nayo. Baadaye nikabonyeza spesibaa: feni zikazunguka, kioo cheusi, Caps Lock imeganda. Sijui kama asiye fundi anaweza kuelewa furaha ya kuuona ugonjwa kwa macho yako mezani kwako. Ugonjwa unaoweza kuuita ukaja, unaweza kuuondoa.

Kabla ya kugusa bisibisi nilitaka kuiondoa Windows kwenye kesi. Nina flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows, inayofanya kazi bila kusakinishwa. Niliwashia hiyo, simu ikiwa imechomekwa, nikaandika `systemctl suspend`. Ikalala. Nikaiamsha: kuganda kulekule. Mifumo miwili isiyohusiana, kosa moja. Hapo hata ukipiga Windows kila Jumatatu haitasaidia.

Nikatoa mita. Ncha nyeusi kwenye chuma cha keisi, ncha nyekundu nikaisukuma taratibu nyuma ya plagi, pembeni ya waya wa zambarau, plagi ikiwa mahali pake. Kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawa saplai hizi, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya volti 4.75 na 5.25. Mashine ikiwa macho nilipata 4.91. Imelala bila simu: 4.82. Imelala na simu: 4.41, na tarakimu za mwisho zinachezacheza. Kibandiko cha pawa saplai kinaahidi ampea 2 kwenye laini hiyo. Kibodi, mausi, RAM na simu moja kwa pamoja havifiki hapo.

Nilimwita kijana aone zile tarakimu mwenyewe, achomoe simu, achomeke tena. Alirudia mpaka akaridhika.

Saa 7 mchana

Wali maharage na mchicha. Akaja mwanafunzi wa chuo na laptopu inayopata moto ndani ya begi. Hii ni kinyume cha ile ya mama: haitaki kulala. `powercfg /a` ilionyesha haina S3 kabisa, ina ule usingizi mpya wa S0 ambamo mashine inabaki macho kidogo, kama simu, ikisubiri mtandao. Nikapanga kifuniko kikifungwa iingie haibaneti. Inachelewa kidogo kufunguka, lakini haitachemka tena kwenye daladala.

Saa 8 mchana

Nilichomoa pawa saplai ya mama na kuifungua. Tafadhali, kama hujafundishwa kazi hii, usiifungue. Kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme, ile kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Mimi huimaliza chaji yake kwa rezista kubwa yenye mikono ya plastiki, kisha napima kwa mita, na sigusi mpaka nisome karibu na sifuri. Kijana wangu haruhusiwi kuruka hatua hiyo hata siku moja.

Vumbi lilikuwa limeganda kama unga uliolowa, unyevu wa Dar huo. Nikapuliza, nikapiga brashi. Pembeni ya transfoma ndogo, ile ya laini ya kusubiri, palikuwa na kapasita mbili za mikrofaradi 1000, volti 10. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa. Hizi vichwa vilikuwa vimevimba, na kimoja kimepasuka kwenye alama ya msalaba, kimetoa ukoko wa kahawia uliokauka hadi kwenye bodi. Zimekaa sentimita moja kutoka kwenye bamba la kupozea, zikipata joto mchana na usiku, kwa sababu laini hii haipumziki hata duka likifungwa. Na mashine ikiwa imelala feni haizunguki, kwa hiyo hakuna hewa.

Nilimpigia mama. Ana njia mbili: pawa saplai mpya, au nibadilishe hizi. Nilimweleza kwamba sehemu nyingine zote nimezikagua na ziko sawa. Akasema badilisha.

Niliweka za ukubwa uleule wa mikrofaradi lakini za volti 16, na za nyuzi 105, si za 85, aina inayotengenezwa kwa pawa saplai za namna hii. Kanuni ya mafundi wa umeme ni kwamba kila ukipunguza joto kwa nyuzi 10, umri wa kapasita unakaribia kuongezeka mara mbili. Kwa mji wetu tofauti hiyo si ndogo. Nikasafisha ule ukoko kwa spiriti, nikalehemu, nikaangalia mguu hasi umeelekea panapotakiwa.

Saa 10 jioni

Nilipima kwanza pawa saplai ikiwa peke yake, kabla ya kuirudisha kwenye mali ya mtu. Waya wa zambarau: 5.06. Nikafunga. Imelala bila simu: 5.03. Imelala na simu: 4.99, imetulia tuli.

Nikailaza, simu ikiwa imechomekwa, na nikajizuia kuigusa kwa zaidi ya saa moja. Kwa tatizo la usingizi, majaribio ya dakika mbili hayana maana. Ilipofika wakati nikabonyeza spesibaa na picha ikaja. Kwenye daftari la matukio: 42, kisha 107, kisha 1.

Kilichobaki ni ile haibaneti iliyozimwa. Nadhani aliyeipiga Windows alitaka kubana nafasi ya diski. Niliirudisha kwa `powercfg /h on`, kisha nikawasha usingizi mseto: mashine inalala kwenye RAM lakini pia inaandika nakala kwenye diski. Umeme ukikatika Buguruni mashine ikiwa imelala, kazi ya mama itarudi kutoka kwenye diski.

Saa 12 na nusu jioni

Niliipeleka mwenyewe dukani, kwa sababu ugonjwa ulionekana kule na unatakiwa kuthibitishwa kule. Tukachomeka printa yake, kibodi yake, simu yake. Akaandika sentensi mbili bila kusevu, akailaza, tukamhudumia mtu wa fotokopi, akaiamsha. Sentensi zake zilikuwepo.

"Kwa hiyo naendelea kuchaji simu hapa?"

"Inaweza, mama, lakini tumia chaja ya ukutani. Hiyo laini usiizidishie kazi. Na leo usiizime. Ilaze, kesho ukifungua bonyeza spesibaa kabla hujachomeka kitu, halafu nipigie uniambie kitaa cha Caps Lock kinasemaje."

Kwenye risiti nimemwandikia kapasita zilizobadilishwa, vipimo vya laini ya kusubiri kabla na baada, na garantii ya miezi mitatu. Kapasita za zamani nimemkabidhi kwenye bahasha.