Jinsi nilivyoituliza kompyuta iliyokuwa ikimwamsha mama

Mama alipotoka hospitali mwezi wa Juni, daktari alitaka awe karibu na kliniki kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo badala ya kurudi Mumias alikuja kukaa nami hapa Nakuru. Naishi Free Area, chumba kimoja chenye pazia katikati. Kitanda nilimpa yeye, mimi nikatandika godoro upande wa meza ya kazi. Kazi yangu ni kunakili sauti: natumiwa rekodi za mikutano na mahojiano, nasikiliza, naandika. Wateja wengi wako Marekani, kwa hiyo kazi huingia kwetu kukiwa usiku.

Usiku wa tatu aliniita kutoka nyuma ya pazia. "Baba, hicho kinu chako hakipumziki?" Huniita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake.

Nilikuwa nimeishi na mvumo ule karibu miaka miwili na masikio yangu yalishauzoea. Usiku ule niliusikia kama anavyousikia yeye. Mashine za kusaga mahindi kule kwetu hulia vivyo hivyo: mahindi yakimiminwa zinapaa, yakipungua zinashuka, kisha zinapaa tena. Nikifungua faili ya sauti, feni inapaa. Baada ya sekunde chache inatulia. Nikifungua ukurasa mmoja kwenye intaneti, inapaa tena. Mgonjwa aliyejikusanyia usingizi kidogo angeamka kila mara, na ndivyo ilivyokuwa.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya mtumba, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne. Kununua nyingine hakukuwezekana, pesa zilikuwa zimeishia kwenye dawa. Ilibidi hii hii itulie.

Nilianza kwa kutafuta ni feni ipi hasa inayolia. Nilikunja gazeti kuwa bomba, upande mmoja nikauweka sikioni, mwingine nikauzungusha karibu na kasha. Kulikuwa na feni tatu: ya prosesa, ya nyuma ya kasha, na ile iliyo ndani ya pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme. Ya prosesa ndiyo iliyokuwa ikipaa na kushuka. Ya nyuma ilivuma vilevile muda wote, bila kujali nafanya nini. Ya pawa saplai ilisikika kwa mbali tu.

Nilitaka kurukia programu za kuongoza feni mara moja, lakini fundi mmoja mjini aliniuliza, "Boss wangu, hii umewahi kuifungua?" Sikuwa nimewahi. Nakuru, ambayo jina lake husemwa kuwa linatokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, haimwachi mtu. Katikati ya vile vibati vyembamba vilivyokaa juu ya prosesa palikuwa na blanketi la vumbi la kijivu, limeshikana kama sufi. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote na hewa haipiti.

Fundi alilipuliza kwa blowa, na hapo nilijifunza kitu kimoja: alishikilia mapanga ya feni kwa kidole wakati wote. Alisema ukiyaacha yazungushwe na upepo wa blowa, yanaweza kuzidi kasi yake ya kawaida na kuua beringi, tena feni inayozungushwa hivyo inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye bodi. Kisha alitoa kipozeo chenyewe, yaani vile vibati. Pesti ya kupitisha joto iliyokuwa chini yake ilishakauka ikawa kama chaki. Aliifuta kwa spiriti, akaweka nyingine kidogo tu katikati ya prosesa. Nyumbani nilipowasha, joto lililokuwa nyuzi 57 kompyuta ikiwa haina kazi lilishuka hadi 42. Kama ningeanza na programu, ningekuwa naiambia feni itulie huku prosesa ikiiva.

Feni ya nyuma ilibaki na mvumo wake, na hiyo niliimaliza bila programu yoyote. Niligundua ina nyaya tatu, si nne. Feni ya nyaya nne hupata volti 12 muda wote, na waya wa nne huiletea amri ya kasi kwa mapigo, yapata elfu 25 kwa sekunde. Ya nyaya tatu haina waya huo. Njia pekee ya kuipunguza ni kuipunguzia volti zenyewe. Sasa, ndani ya bayosi, yaani mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka, tundu la feni hiyo lilikuwa limepangwa PWM, yaani mapigo. Feni ile haikuwa na sikio la kuyasikia, ikabaki inakula volti 12 zote usiku na mchana. Nilibadilisha ikawa DC, yaani kuongoza kwa volti, nikahifadhi, nikawasha. Mvumo ukakatika palepale. Dakika mbili za kazi, baada ya miaka miwili ya kelele.

Ya prosesa ndiyo iliyonipa shughuli. Natumia mfumo wa Ubuntu badala ya Windows, kwa hiyo niliweka vifurushi viwili, lm-sensors ya kusoma joto na fancontrol ya kuongoza feni. Amri ya sensors-detect ilikagua bodi ikapata chipu ya Nuvoton inayosimamia feni, na moduli yake, programu ndogo inayouwezesha mfumo kuongea nayo, inaitwa nct6775. Baada ya hapo, ukiandika sensors tu, unaona joto la kila kiini na mizunguko ya kila feni kwa dakika. Kisha nikaendesha pwmconfig. Hii husimamisha feni moja baada ya nyingine ili ijue ni amri ipi inayoongoza feni ipi, kwa hiyo usiiendeshe kompyuta ikiwa na kazi nzito. Kasi huandikwa kwa namba kutoka 0 hadi 255. Feni yangu ilisimama ikishuka chini ya 50, na kuiamsha ikishasimama kulihitaji kama 70.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa huu: chini ya nyuzi 40 izunguke polepole, ikifika 65 iende kasi yote. Nilidhani nimemaliza. Asubuhi nikamuuliza mama. Akasema, "Afadhali kidogo. Lakini bado inashtuka."

Neno hilo lilinifungua macho. Nilikuwa nimepunguza ukubwa wa kelele, na kumbe kilichomwamsha ni mabadiliko yake. Mvumo mdogo usiobadilika mtu huulalia, kama mvua juu ya mabati. Unaopaa ghafla humshtua hata ukiwa hafifu.

Usiku uliofuata nilikaa nikiitazama sensors badala ya kufanya kazi. Nikifungua ukurasa, joto la kiini linaruka nyuzi 12 au 15 ndani ya sekunde moja, na linashuka haraka vilevile. Lakini lile bonge la alumini juu ya prosesa halipati joto kwa sekunde moja, ni zito, linachelewa kama sufuria ya ugali. Feni yangu ilikuwa inakimbilia joto ambalo lilishapita kabla haijafika.

Basi nilifungua faili la /etc/fancontrol nikabadilisha mambo kadhaa. MINTEMP, joto ambalo feni huanza kupanda, nikaipandisha hadi 55, ili kazi yangu ya kawaida yote ifanyike feni ikiwa kwenye kasi ya chini kabisa. MAXTEMP, joto ambalo feni huenda kasi yote, nikaipeleka 80. MINPWM na MINSTOP, namba za kasi ya chini kabisa, nikaziweka 80, ili feni isisimame kamwe, maana kusimama na kuanza nako ni kushtuka. La mwisho, na hili ndilo lililoleta usingizi, ni AVERAGE. Ukiiacha, programu huamini kipimo cha mwisho peke yake. Niliiweka 6, na INTERVAL, muda kati ya vipimo, nikaiweka sekunde 5, kwa hiyo feni sasa hufuata wastani wa nusu dakika. Ukurasa ukifunguka na kutulia, feni haijui hata kama kuna kilichotokea.

Kutoka mizunguko 2,300 ilipokuwa inapaa, ilikaa karibu na 1,100. Kanuni ya feni inasema ukipunguza mizunguko kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na kwa sikio hiyo ni tofauti kubwa mno. Hewa nayo hupungua kwa nusu, ndiyo maana sikuamini kabla ya kupima. Mchana, mama akiwa kliniki na dada yangu, niliendesha stress-ng, programu ya kuipa prosesa kazi nzito kwa makusudi, kwa viini vyote vinne dakika 20. Feni ilipanda taratibu, joto likatulia nyuzi 71. Prosesa za Intel za aina hii hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo nafasi ilikuwepo ya kutosha.

Namba zangu usizinakili kama zilivyo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na kila mzunguko wa feni unabeba joto dogo zaidi. Kisumu wana hewa nzito kidogo lakini mchana wao ni wa moto. Rafiki yangu wa huko ana Windows, anatumia programu ya bure iitwayo FanControl. Mantiki ni ile ile, namba zake ni tofauti.

Wiki mbili baadaye stima zilipotea, ziliporudi kelele ikarudi nazo. Niliogopa kwamba nimeharibu kitu. Kumbe baada ya kuwaka upya, chipu iliyokuwa ikiitwa hwmon2 ilikuwa imepewa jina hwmon3, na fancontrol ilipoona anwani hazilingani ilikataa kuanza. Nimekuja kuiheshimu kwa hilo, maana ni afadhali ikatae kuliko iongoze feni kwa kipimo cha kitu kingine. Nilirudia pwmconfig, nikaandika tena namba zangu, na sasa nakala ya faili ninaihifadhi kando.

Januari ilileta jaribio lingine. Saa nane mchana mabati yanawaka, na chumba kinakuwa tanuri. Joto la prosesa likawa linagusa 60 kwa kazi ndogo tu. Nilishusha MAXTEMP hadi 75 ili feni ifikie kasi yake yote mapema kidogo, na mchana huo haukumsumbua mtu.

Iliyobaki ni ya pawa saplai. Hiyo haiongozwi na bodi, hujiongoza yenyewe, na kuifungua sikuthubutu kwa sababu kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuua hata ukishachomoa waya. Niliigeuza tu kompyuta, mgongo ukatazama ukuta ukiwa umbali wa shubiri mbili, upande usio wa kitanda.

Usiku mmoja, saa tisa hivi, nilimsikia mama akikoroma. Nilivua vipokea sauti vya masikioni, nikasikiliza kidogo, nikavivaa tena nikaendelea kuandika.