Daraja la Matrix na Steam: majibu sasa yanafika

Hatimaye daraja langu limekubali, yaani programu inayopitisha ujumbe kati ya Steam (jukwaa la michezo) na Matrix (mtandao huria wa mazungumzo)! Ujumbe wa Steam ulikuwa ukiingia Element (programu ninayosomea Matrix) vizuri kabisa, lakini ukijibu, jibu haliendi popote. Wala kosa halionekani, ni kimya tu.

Tatizo lilikuwa mstari mmoja kwenye faili ya usajili, inayoitambulisha daraja kwa Synapse (seva yangu ya Matrix): `url: http://localhost:8090`. Synapse na daraja kila kimoja kiko kwenye kontena yake ya Docker (kisanduku kinachotenga programu), na kwa Synapse `localhost`, yaani "mashine hii hii", ni kontena yake yenyewe. Kinachopoteza watu ni kwamba njia ziko mbili na hazitegemeani. Daraja huipigia Synapse poti 8008 kwa `as_token` (nywila ya daraja). Synapse nayo hulisukumia daraja matukio kwa PUT kwenye `/_matrix/app/v1/transactions/`, ikitumia hiyo `url` na `hs_token` (nywila ya Synapse). Ya kwanza ikiwa nzima, utaapa kuwa daraja lote ni zima.

Dawa: `url: http://daraja-steam:8090`, kontena zote mbili ziwe mtandao mmoja, na daraja lisikilize `0.0.0.0` (anwani zote), si `127.0.0.1` (ndani ya kontena yake tu). Kisha pima ukiwa ndani ya Synapse:

`docker exec synapse curl -i http://daraja-steam:8090/`

Ukipata "Could not resolve host", mtandao si mmoja au kontena ya daraja imezimika. "Connection refused", daraja linasikiliza mahali pengine, au programu yake haijawaka ndani ya kontena. Hata 404 ("hakipatikani") ni habari njema: njia iko wazi. Kama logi ya Synapse inaonyesha 403 ("umekataliwa"), linganisha `hs_token` herufi kwa herufi.

Sasa mtego uliokula muda kuliko yote. Synapse ikishindwa kulifikia daraja husubiri sekunde 2, halafu 4, halafu 8, hivyo hivyo hadi 512, yaani dakika 8 na nusu! Unarekebisha daraja, unatuma jaribio, kimya. Unabadilisha kitu kingine, na unaharibu kilichokwisha kupona. Washa Synapse upya kila unapogusa chochote (faili ya usajili yenyewe inasomwa inapowaka tu). Na foleni ya ujumbe uliokwama haipotei, imo kwenye hifadhidata: "jaribio 1" mpaka "jaribio 14" zote zilimiminika Steam kwa mkupuo. Jaribu na akaunti yako ya pili, usimsumbue rafiki.

Steam Guard (msimbo wa ziada wa kuingia Steam) ni rahisi: ule wa programu ya simu ni herufi na tarakimu 5 zinazobadilika kila sekunde 30, kwa hiyo kama daraja ndilo linaloukokotoa, saa ya seva iwe sahihi.

Matterbridge, daraja jingine lililo tayari? Nzuri kwa kuunganisha kundi na chumba kimoja, ila kila mtu anasemea kwenye akaunti moja ya boti. Kwa mazungumzo ya watu wawili siitaki.

Kilichopangwa kufuata ni picha, lakini vikaragosi vya Steam vimenivuta. Vinafika kama maandishi matupu, `steamhappy` na wenzake. Matrix haionyeshi picha ya anwani ya nje ndani ya ujumbe, lazima iwe `mxc://` (anwani ya faili iliyopakiwa kwenye seva ya Matrix), kwa hiyo kila kikaragosi kinapakiwa mara moja na anwani yake kutunzwa kwa jina. `height="32"` inakaa sawa na maandishi. Vitatu tayari vinaonekana, na ni vizuri mno! Picha zitasubiri.