Siku yangu kwenye mnada wa samani za kale, Nakuru

Nikisema nafanya kazi kwa dalali, watu hushtuka. Wanadhani tunabeba makochi ya wapangaji walioshindwa na kodi. Hapana. Sisi tunauza samani na picha za kale ambazo wenyewe wametuletea kwa hiari, na kazi yangu ni kusema ukweli wa kila kitu kabla hakijanadiwa.

Saa kumi na mbili asubuhi niko ghalani. Kufagia, kupangusa, kubandika namba. Ikifika saa mbili nimemaliza.

Saa mbili na nusu anaingia mzee na kabati lake kwenye pikapu. "Binti yangu, andika lina miaka mia na hamsini. Baba aliachiwa na mzungu wa Njoro."

Navuta droo. Fundi wa enzi hizo alikata meno ya maungio kwa msumeno wa mkono, kwa hiyo hayalingani. Haya yamelingana kama meno ya kitana. Mgongo ni plaiwudi. Bawaba zimefungwa kwa skrubu zenye kichwa cha msalaba, zile ambazo Henry Phillips wa Marekani alizipatia hataza mwaka wa 1936. Skrubu hubadilishwa, najua, kwa hiyo nafungua moja: tundu ni lake lenyewe, hakuna la zamani lililozibwa kando. Basi skrubu ni za tangu mwanzo, na kabati si la miaka mia na hamsini.

Mzee hataki. Anampigia mwanawe, ananipa simu, naeleza upya. Anampigia shemeji yake, naeleza tena. Namwambia kwamba kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale kisheria, hakitoki nchini bila kibali. Siwezi kuandika umri huo kwa kubahatisha. Anasema namdharau babake. Hilo liliniuma, maana kabati ni zuri: mvule mtupu mbele, halijabunguliwa popote, milango bado inafunga sawasawa. Namwonyesha hayo yote, kimoja kimoja. Karibu saa nne anatia sahihi: "Kabati la mvule, katikati ya karne ya 20."

Mnada unaanza saa tano. Loti baada ya loti, namba za wanunuzi juu, wengine kwa simu, mimi nimesimama nikiandika kila dau. Mama mmoja ananishika mkono, anataka kujua kama meza aliyoipata aipige msasa na vanishi mpya. Mama, tafadhali usiiguse! Ile sheleki, king'arisho cha zamani kilichopakwa kwa kitambaa, ndiyo uliyoilipia.

Kabati la mzee linapita bei aliyoiwekea, watu wawili wakiligombania hadi nyundo inagongwa. Anachoniuliza ni pesa zitaingia lini.

Mchana wenyewe sikuuona. Chai niliinywa wima, ikiwa imepoa, kati ya kuandika risiti na kuwasimamia wapakiaji wasiburute miguu ya viti. Giza limeingia, mgongo unawaka, na mnunuzi wa kasha la Zanzibar bado hajaleta salio. Namsubiri, kasha haliondoki kwa ahadi.