Kwa nini kundi letu limekataza lokesheni

Kila mwanachama mpya akishasoma kanuni zetu huniuliza swali hilo hilo. Chama cha wapenda viumbe na mimea kinamkatazaje mtu kutuma lokesheni ya kiumbe aliyemwona? Si ndiyo kazi yetu, kujua nani anaishi wapi? Mimi ni katibu wa chama hiki hapa Morogoro na sehemu kubwa ya kanuni hizo nimeziandika mwenyewe, kwa hiyo leo nijibu kwa urefu.

Mfikirie mjusi wa buluu wa Kimboza, yule ambaye wanasayansi humwita Lygodactylus williamsi. Kimboza ni msitu mdogo wa mawe ya chokaa chini ya milima ya Uluguru. Mjusi huyu anapatikana humo na kwenye misitu michache ya jirani, basi, dunia nzima hayuko kwingine. Dume ni buluu ya kung'aa hata unadhani mtu kampaka rangi. Jike ni wa kijani kilichochanganyika na ukahawia. Makazi yao ni katikati ya majani ya mkadi, huko juu kabisa. Wafugaji wa mijusi wa Ulaya na Marekani walipompenda, wakamataji wakaingia msituni, na kwa kuwa kumfuata juu ni kazi, waliukata mti wenyewe. Watafiti walikadiria kuwa kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi zaidi ya 30,000 kati ya mwisho wa 2004 na katikati ya 2009. Biashara yake ya kimataifa ilikuja kupigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe na mimea walio hatarini, uamuzi uliofikiwa mwaka 2016. Miti iliyokatwa ilikuwa imeshakatwa.

Kimboza kila mtu anaijua sasa. Mimi nahofia mahali ambapo bado hapajajulikana: bonde lenye vinyonga ambao hawajaguswa, mwamba wenye okidi tano tu. Mwanachama akituma alama ya ramani kwenye kundi la watu zaidi ya mia, hawezi kujua nani ataifowadi, na kwa nani.

Wengi hawafahamu pia kwamba simu inaandika mahali ndani ya picha yenyewe, kama kamera imeruhusiwa kusoma lokesheni. Ukituma picha kwa njia ya kawaida kwenye WhatsApp, taarifa hiyo huondolewa. Ukiituma kama dokumenti ili isipungue ubora, inabaki, na anayeipokea anaweza kusoma hadi nukta ulipokuwa umesimama. Ndiyo maana kanuni inasema zima lokesheni ya kamera kabla hatujaingia msituni. Wanaotumia iNaturalist, mtandao wa kuweka picha na kumbukumbu za viumbe walioonekana, wanajua kwamba huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini na kuonyesha eneo pana la kilomita kama ishirini kila upande. Ni msaada mkubwa, ila haufui dafu kama nyuma ya kinyonga kunaonekana kibao cha shule ya kijiji. Angalieni nyuma ya picha, tafadhali.

Taarifa kamili hatuzitupi. Zinakwenda kwa mtunza kumbukumbu wa chama, na mtafiti akizihitaji anaandika kuomba, akieleza za nini.

Sehemu ya pili ya kanuni inahusu watu, na kwangu ina uzito ule ule. Kuna mtu aliwahi kuchukua orodha yetu ya wanachama, majina na namba, akampa mfanyabiashara wa vifaa vya kambi. Wazee wetu wawili walianza kupokea matangazo kila siku, na kufuatia hapo zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Mwanachama alitupa namba yake ili tumwarifu safari inaondoka saa ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka hivyo hivyo: taarifa iliyokusanywa kwa kazi moja isihamishiwe nyingine bila ridhaa ya mwenyewe. Taarifa za watoto inazihesabu kuwa nyeti, kwa hiyo picha za wanafunzi tunaowapeleka msituni hazipandi popote mpaka wazazi wakubali, hata kama mtoto kakamata chura mzuri namna gani.

Halafu kuna suala la mikutano yetu ya kisayansi. Binti mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa anatuonyesha matokeo yake ya vyura, grafu ya tatu ikiwa bado ukutani, na tayari slaidi yake ilikuwa kwenye status ya mtu, bila jina lake. Kazi ya miaka miwili porini, usiku, kwenye mvua! Aliyepiga picha alisema alikuwa anamtangaza. Basi amwombe kwanza. Siku hizi kila mtoa mada anaulizwa kabla hajaanza, na asiyetaka anaweka alama ya kamera iliyokatwa kwenye slaidi zake.

Kifungu kimoja bado kinatugawa: majina ya wenyeji wanaotuongoza. Baadhi wanasema tuwataje kila tunapochapisha picha, kwa sababu bila wao tusingeona kitu, na heshima hiyo wamenyimwa muda mrefu. Wengine wanasema jina na kijiji vikiandikwa, mkamataji ameshajua mlango wa kubisha. Mimi nashauri tuwaulize wao, mmoja mmoja, kwa kila chapisho, na anayetaka jina lake litajwe, litajwe bila kijiji. Tutapiga kura mkutano ujao, na wenyeji watatu wanaotuongoza Uluguru wamealikwa kuja kusema wenyewe kabla ya kura hiyo. Nauli tunawalipia sisi.